Kampuni Haina Uso



Alhamisi mchana nilipitia nyumba moja ya waumini wetu hapa Kiplombe. Mama wa nyumba alinipokea langoni kidole kikiwa mdomoni. Dirisha la chumba cha kulala lilikuwa limezibwa kwa blanketi, kuku wamefukuziwa upande wa pili wa boma, na mtoto wao mdogo, ambaye bado hajaanza shule, alikuwa ameketi juu ya debe akilinda kimya. "Baba amelala, Pasta," akaninong'oneza. Baba yake alikuwa ametoka zamu ya usiku. Ameajiriwa na kampuni kubwa ya mafuta, na katika wiki za zamu kama hizo nyumba yote hugeuka: saa sita mchana kwao ni kama usiku wa manane, na jua linapotua ndipo baba anapoamka, anywe chai na kutafuta viatu vyake.

Tuliketi nje tukazungumza taratibu. Mama huyo hakuwa na manung'uniko. Alinimiminia chai, akayatazama mahindi yao yaliyokuwa yamefika magotini, kisha akasema, "Watu wakiona hii overoli kwenye kamba wanasema tumeomoka. Mimi naona mtu anayekuja kulala, akiamka anaenda."

Maneno hayo yamekaa nami tangu siku hiyo, na ningependa wiki hii tukae nayo pamoja. Huenda wewe mwenyewe unafanya kazi kwenye kampuni ya mafuta. Huenda ni mume wako, dada yako, au mwanao aliyepeleka maombi kila ofisi hadi akapata kandarasi ya miezi sita. Huku kwetu si jambo la mbali. Kampuni ya Kenya Pipeline iliundwa mwaka 1973, na mwaka 1978 mafuta yakaanza kusukumwa kwa bomba kutoka Mombasa hadi Nairobi, kilomita 450 hivi. Mwaka 1994 bomba likawa limefika magharibi: Nakuru, Eldoret, Kisumu. Mwaka 2011 likaongezwa la pili kutoka Nairobi hadi Eldoret. Kwa hiyo mji wetu wa Eldoret, mji wa wakimbiaji na mahindi, ni mji wa mafuta pia. Malori yanapakia hapa na kushika barabara ya Malaba, yakienda Uganda, Rwanda, mashariki ya Kongo. Watoto wetu ndio wanaoyaendesha, wanaopima matanki, wanaolinda lango, wanaoandika stakabadhi, wanaopika chakula cha kantini.

Mtu akiingia kwenye kazi hiyo, hata kabla ya mshahara wa kwanza hupata jina jipya mtaani. Anakuwa "yule wa mafuta". Kadi za harambee zinaanza kumfuata. Mjomba ambaye hakupiga simu kwa miaka anapiga kuuliza habari za watoto, na baada ya habari za watoto anataja karo. Kwenye mkutano wa ukoo kiti chake kinasogezwa mbele. Hakuna anayeuliza kama ameajiriwa kwa kudumu au kama ni wa kandarasi, kwa maana overoli ni ya rangi ileile na kofia ngumu ni ileile, ingawa wa kandarasi anaweza kuwa analipwa sehemu ndogo tu ya anacholipwa mwenzake anayesimama naye kwenye pampu moja. Wengi wa ndugu hawa wamekopa ili wasiaibike. Wengine wamechangia mazishi ya watu wasiowajua huku kodi ya nyumba yao ikiwa na deni.

Nakuuliza kwa upole, mpendwa: yuko mtu katika jamaa yako ambaye siku hizi unamwona kwa kazi yake tu? Mara ya mwisho ulipompigia simu, ulimuuliza amelalaje?

Nilipoanza kuwatembelea wafanyakazi hawa, nilitaka kujua kazi yenyewe ikoje. Ndugu mmoja alinieleza kwa subira, akichora kwa kijiti kwenye vumbi, na tangu hapo sijaacha kuifikiria. Bomba, alisema, ni moja, lakini hupitisha mafuta ya aina mbalimbali kwa foleni. Petroli inatangulia, dizeli inafuata, kisha yanakuja ya ndege au ya taa, yote yakisukumana humo ndani bila ukuta wowote kati yao. Pale aina moja inapogusana na nyingine huchanganyika, na mchanganyiko huo haufai kuingia kwenye tanki la mafuta safi. Kwa hiyo kwenye kituo cha kupokea lazima awepo mtu anayengoja kile kipande kilichochanganyika. Anafuatilia uzito wa mafuta kwenye mitambo, anachota kidogo kwenye chupa, anaangalia rangi, anapima tena. Kipande kikifika, vali zinageuzwa ili kiende kwenye tanki lake. Mafuta safi yaliyo nyuma yake yakifika, zinageuzwa tena. Akizubaa dakika chache, tanki zima linaweza kuharibika.

Kipande hicho hakichagui saa ya kufika. Kinaweza kuja saa tisa usiku, na wewe unaujua usiku wa Eldoret, huku juu mita zaidi ya 2,000, wakati baridi inapopenya hadi kwenye mifupa na macho yanaomba yafunge kidogo tu. Pale kwenye vali hakuna kamera ya televisheni wala mkubwa wa kumpigia makofi. Nilimuuliza ndugu yule, "Ukiifanya vizuri, nini hutokea?" Akafikiri kidogo. "Hakuna kitu hutokea, Pasta. Ndiyo raha yake."

Nadhani sehemu kubwa ya uaminifu wetu mbele za Mungu iko hivyo. Mama anayechemsha maji ya kunywa kila jioni haoni chochote kikitokea. Watoto hawaumwi tumbo, basi. Mwalimu anayesahihisha madaftari, muuguzi anayehesabu vidonge mara mbili, mume anayerudi nyumbani moja kwa moja na mshahara wake: tunda la kazi yao ni siku ya kawaida tu. Sisi hupenda ushuhuda wenye kishindo, na kishindo kina mahali pake. Lakini Bwana wetu alipozungumza juu ya mtu mwaminifu katika jambo lililo dogo sana, naamini alikuwa anawatazama watu wa namna hii, na alikuwa anawafurahia. Je, kuna jambo dogo ambalo umelifanya kwa miaka bila mtu kukushukuru? Mungu amekuona.

Palipo na thamani kubwa hivyo, majaribu nayo hayakosi. Wote tunajua mafuta yanayonyonywa usiku kutoka kwenye malori kando ya barabara kuu, mtungi baada ya mtungi, na sili kurudishwa kana kwamba haikuguswa. Tunajua pia dizeli inayochakachuliwa kwa mafuta ya taa. Kwa miaka mingi mafuta ya taa yalitozwa kodi ndogo, kwa sababu ni ya watu wa kipato cha chini, na waliokuwa wajanja wakayageuza faida. Mwezi Septemba 2018 serikali ikaweka tozo ya shilingi 18 kwa kila lita ya mafuta ya taa ili kukomesha mchezo huo. Hebu fikiri ni nani aliyebeba mzigo huo. Ni bibi mwenye kibatari, na mama anayepikia stovu kwenye chumba kimoja cha kupanga mtaani Huruma. Wamelipia dhambi ya watu ambao hawajawahi kukutana nao, na waliotenda dhambi hiyo hawajawahi kuwafikiria.

Na hapa naona ugumu mkubwa wa kiroho wa kufanya kazi ndani ya kampuni kubwa, iwe ya mafuta au nyingine yoyote. Kampuni haina uso. Ina nembo, ina jengo, ina nambari ya mfanyakazi, ina sera zilizochapishwa vizuri. Uso haina. Anayeiba hujiambia kwamba hakuna anayeumia, maana kampuni haitalala njaa. Anayelegea kazini hujiambia kwamba yuko mwingine atakayekagua. Yule mwingine naye husema vivyo hivyo. Kazi imegawanywa vipande vidogo mno hata kila mtu ameshika kipande tu, na hakuna aliyeshika mtu.

Lakini mwishoni mwa bomba wako watu. Tarehe 31 Januari 2009, pale Sachang'wan, kwenye barabara yetu hii ya kwenda Nakuru, lori la mafuta lilipinduka, watu wakakimbilia na mitungi kuchota petroli, moto ukawaka. Zaidi ya watu 100 walikufa. Tarehe 12 Septemba 2011, mtaa wa Sinai kule Nairobi, petroli ilivuja kutoka njia ya bomba ikaingia kwenye mtaro, watu wakaja tena na ndoo na mitungi, na tena zaidi ya 100 wakaangamia. Nimesikia wanaosema walioungua waliponzwa na tamaa. Siwezi kusema hivyo. Mtu ambaye hana unga wa jioni anaona mali inapita mlangoni pake inamwagika bure. Ningemtaka awe na hekima, ndiyo, lakini kwanza namlilia. Wako watoto waliotumwa siku hizo. Wako waliokuwa wanapita tu.

Ndiyo maana huwaomba ndugu wanaofanya kazi hizi wachague uso. Simaanishi jambo la fumbo. Kabla ya zamu, mtu anapofunga kamba za viatu, amchague binadamu mmoja na kumweka moyoni: mama mmoja wa Sinai, au mwanafunzi wa Kampala ambaye basi lake litawekwa dizeli hii, au fundi mwenzake atakayeingia asubuhi na kuikuta pampu kama yeye alivyoiacha. Unapomfungia lori waya ule wa kupeleka umeme ardhini kabla ya kufungua mafuta, na dereva ana haraka na anakuona msumbufu, mkumbuke mke wa dereva huyo. Unampenda kwa waya. Unampenda kwa kumwambia aache simu yake langoni, hata akinuna. Nayaita mambo haya upendo kwa sababu sijui jina lingine linaloyafaa.

Wako pia waliokwenda Turkana. Tangu Machi 2012, kampuni ya Tullow Oil ilipopata mafuta kwenye kisima cha Ngamia-1, Lokichar ikawa jina la ndoto hapa kwetu. Vijana wa Eldoret na Kitale walipanda magari kwenda kutafuta udereva, ulinzi, upishi, uchomeleaji. Mwezi Juni 2018 malori ya kwanza yakaanza kubeba mafuta ghafi kutoka Lokichar, yakapitia Kitale na Eldoret kuelekea Mombasa. Mafuta yale yana nta nyingi, yakipoa huganda, kwa hiyo yalibebwa kwenye matanki yanayotunza joto. Mwezi huohuo wenyeji wakayasimamisha malori hayo barabarani, wakidai usalama na haki yao. Yakaendelea baadaye, na Agosti 2019 meli ya kwanza ikaondoka Mombasa na shehena. Kufikia 2020 safari za malori zilikuwa zimekoma. Sheria ya Petroli ya mwaka 2019 inasema kaunti ipate asilimia 20 ya mapato ya serikali na jamii ya mahali asilimia 5. Wazee wengi wa kule bado wanangoja waione hiyo asilimia.

Ndugu mmoja aliyekuwa dereva huko aliniambia kilichomchosha hakikuwa joto. Ni kupita kila safari mbele ya wazee walioketi chini ya mti na mbuzi wao, yeye amebeba nyuma mali iliyotoka chini ya miguu yao, na wao wakimtazama. Asingeweza kubadili sheria. Wala hakuwa na la kusema kwenye mkutano wa wakubwa. Siku moja akapunguza mwendo mbali kabla ya pale ili vumbi lisiwafikie, akafungua kioo, akasema "Ejok", salamu aliyofundishwa na mpishi wa kambi. Mzee mmoja akainua fimbo yake kujibu. Tangu hapo kila safari alipunguza mwendo. Sijui hilo lina uzito gani kwenye mizani ya dunia, na haliondoi deni la haki linalodaiwa na watu wa Turkana. Kwa ndugu huyu ulikuwa mwanzo wa kulala usingizi.

Sasa niseme jambo ambalo limenilemea zaidi.

Kampuni kubwa hubadilika mikono. Mwaka 2023 TotalEnergies na Africa Oil walijiondoa kwenye mafuta ya Turkana. Mwaka 2025 Tullow yenyewe ikauza mali yake ya Kenya kwa Gulf Energy. Wanaosoma magazeti ya biashara huona tarakimu za dola. Mimi huona wanaorudi na mabegi. Katika ushirika wetu yuko mmoja, wa kampuni ambayo siitaji, aliyepewa barua ya kusitishiwa kazi baada ya miaka mingi. Barua ilikuwa na kurasa mbili, imetiwa sahihi na mtu ambaye hakuwahi kumwona. Aliyemkabidhi alikuwa msimamizi wake, mwajiriwa kama yeye, na mikono yake ilikuwa inatetemeka.

Alirudi nyumbani na kwa miezi kadhaa alikuwa mpole mbele za watu. Kanisani alisema Mungu ni mwema. Lakini nyumbani alimfokea mkewe kwa sababu ya sukari, akamfokea kijana wake kwa sababu ya kiatu, akanyamazia simu za rafiki zake. Mkewe alikuja kwangu akilia, akaniuliza, "Pasta, tumemkosea nini?"

Hawakumkosea chochote, mpendwa. Hasira yake ilikuwa inatafuta uso, na nyuso zilizokuwa karibu ni zao.

Sisi wa upande huu tunajua kitu juu ya msamaha. Kiambaa haiko mbali nasi, na kanisa lililochomwa pale tarehe 1 Januari 2008, watu wakiwa ndani, halijasahaulika. Waliopoteza wapendwa wao walilazimika kuendelea kuishi na kukutana sokoni na watu wanaojulikana kwa majina. Huo ni mzigo ambao siwezi kuulinganisha na barua ya kazi, na naogopa hata kuviweka kwenye ukurasa mmoja. Nataja tu tofauti hii moja: aliyekosewa na jirani anajua amsamehe nani, hata kama moyo unakataa. Aliyekosewa na kampuni kubwa hajui aanzie wapi. Amsamehe nani, nembo? Jengo lililoko Nairobi? Wenye hisa wa London?

Nimemwendea Yakobo mara nyingi juu ya jambo hili. Alifanya kazi kwa Labani, baba mkwe wake, miaka 20. Alimtumikia tajiri ambaye alibadili ujira wake mara kumi. Mchana jua lilimla, usiku baridi, na usingizi ukamkimbia machoni, hadi mfanyakazi yeyote wa zamu anaweza kusoma sura ya 31 ya Mwanzo na kujitambua humo. Alipoondoka, aliondoka kwa siri akiwa na hofu. Labani akamfuata, wakakabiliana mlimani. Na pale Yakobo akasema yote. Hakuyafunika kwa lugha ya ibada. Alihesabu miaka, akahesabu mifugo iliyoraruliwa na wanyama ambayo yeye mwenyewe aliilipa, akasema kama Mungu asingekuwa upande wake angetoka mikono mitupu. Baada ya hayo wakakusanya mawe, wakafanya chungu, wakala chakula juu yake, wakawekeana mpaka: mimi sitavuka kuja kwako kwa ubaya, wala wewe. Asubuhi Labani akawabusu wajukuu wake, akarudi kwao.

Naipenda sana habari hiyo kwa sababu hawakuwa marafiki baada yake. Yakobo hakurudi kuchunga mbuzi wa Labani. Alichopata ni kwamba aliendelea na safari bila kumbeba Labani mgongoni, na safari ile ilikuwa inamwelekeza kwa Esau, ndugu ambaye yeye mwenyewe alikuwa amemkosea. Nadhani asingeweza kumkumbatia Esau vile kama angefika akiwa bado anagombana moyoni na Labani.

Yakobo alikuwa na uso wa Labani mbele yake, nawe huenda hunao. Basi tufanyeje? Nilimwomba ndugu yetu tukae naye jioni moja, ayaseme yote mbele za Mungu kwa sauti, nami niwe shahidi tu. Asiseme "kampuni ilinionea" na kuishia hapo. Aseme kilichochukuliwa, kimoja kimoja. Alisema juu ya usiku wa Krismasi aliokuwa kwenye pampu. Alisema juu ya mgongo wake. Alisema juu ya karo ya kidato cha tatu, na juu ya mjomba ambaye hapigi simu tena. Ilichukua muda mrefu, na kuna mahali alinyamaza sana. Kisha nikamuuliza ni nani katika habari yote hiyo ana uso. Akamtaja msimamizi wake, yule wa mikono iliyotetemeka. "Naye alipewa barua mwezi uliofuata," akasema. Ilikuwa kana kwamba ndiyo mara ya kwanza anajisikia akilisema. Wiki ile alimtafuta. Wakanywa chai Eldoret, na bado wanatafutana.

Kwa mkewe na kijana wake ilichukua muda zaidi, na inaendelea. Msamaha wa nyumbani una kazi nyingi ndogo: kuomba radhi kwa ajili ya sukari, kusikiliza, kurudi tena kesho yake kuomba radhi kwa jambo lilelile. Sitaki uone kwamba jioni moja ya maombi ilimaliza yote.

Wala kusamehe si kuacha haki yako. Kama kuna malipo yako ambayo hujapewa, yafuate. Iko Mahakama ya Ajira na Uhusiano wa Kazi, viko vyama vya wafanyakazi, na Yakobo mwenyewe hakuondoka bila mifugo yake. Mtu anaweza kwenda mahakamani akiwa na faili mkononi na amani moyoni. Najua ni vigumu. Nimewaona wanaoweza.

Kwako ambaye bado uko kazini, na unaipenda kazi yako, nakushukuru kwa niaba ya sisi tunaowasha gari bila kukufikiria. Furahia mshahara wako bila hatia. Jivunie ujuzi wako. Ila usingoje kampuni ikupende, maana haina moyo wa kufanya hivyo, hata ikiwa na wasimamizi wema. Ukiipa nafasi ambayo ni ya Mungu na ya watu wa nyumba yako, siku itakapouzwa au kufunga lango utajikuta umepoteza zaidi ya kazi. Kuna baba anayeniambia kwamba siku zake za mapumziko alikuwa akizitumia kulala na kujibu simu za kazini. Sasa, kila siku ya kwanza ya mapumziko, anampeleka binti yake shule kwa miguu, hata kama macho yanamwuma. Njiani binti huongea tangu geti hadi geti. Baba anasema hakujua kuwa mtoto huyo ni mcheshi.

Na kwako uliye nyumbani, unayengoja, unayefukuza kuku na kuhesabu siku hadi arudi kutoka kambini: mzigo wako nao ni kazi, hata kama hauna nambari ya mfanyakazi. Mwandalie chai, lakini pia mwambie unachohisi. Usimngoje agundue. Mchovu hagundui, na ukimya wako anaweza kuuchukua kuwa amani. Kama yule mama aliyenipokea Alhamisi, yaseme kwa maneno machache tu, na uyaseme kwake kabla hujayasema kwangu.

Wazee wa kanisa nami tumekubaliana juu ya mambo mawili, na naomba msaada wenu. Kuanzia Jumapili ijayo kutakuwa na ibada fupi saa kumi jioni, kwa sababu wengi wa zamu ya usiku hawawezi kuja asubuhi na wamekuwa wakiona aibu kuulizwa wako wapi. La pili ni orodha. Tunataka majina ya wote wa ushirika huu wanaofanya kazi kwenye mafuta, walioko depo, walioko barabarani, walioko Lokichar, pamoja na wale ambao kandarasi zao zimekwisha, ili kila mmoja awe na nyumba mbili zinazomwombea kwa jina na kumtembelea. Andika jina lake, wiki zake za zamu na majina ya watoto wake, ukampe mzee wa kanisa wa mtaa wako. Kama ni wewe mwenyewe, jiandike. Usiandike jina la kampuni, hatulihitaji.